Boila la Baba na Hita ya Kiseke

Wenzangu mliokulia visiwa vya ziwani enzi redio moja inasikilizwa na mtaa mzima, mtakumbuka kwamba maji moto yalikuwa anasa. Sisi pale Nansio tulikuwa nayo. Msidhani tulikuwa matajiri. Tulikuwa nayo kwa sababu baba yetu alikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na mtu wa boila hawezi kuona pipa tupu likalala uani bila kulifikiria.

Alilichukua pipa la mafuta, akalilaza juu ya matofali ndani ya chumba cha kuogea, akaacha nafasi ya kuni chini yake, kisha akatoboa bati la paa akapitisha bomba la moshi. Likaitwa boila. Majirani walikuja kulitazama kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga. Tulikuwa watoto wanane, na jioni tulipanga foleni na taulo moja, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, na ole wake aliyemaliza maji. Tulitoka tumeng'aa mafuta ya nazi hadi magotini, tunanuka moshi kichwani. Shuleni walitujua kwa harufu hiyo. Kuna mwalimu alikuwa akisema akifumba macho angeweza kuwataja watu wa ukoo wetu katika darasa zima.

Watoto wa siku hizi wanaoga na simu. Wanaingia nayo bafuni, inaimba, wao wanaimba, maji yanamwagika tu, na ukigonga mlango unaambiwa unawakosesha amani. Sisi amani ya bafuni hatukuijua. Baba alikuwa na sheria yake. Aliyeingia kuoga hakufunga komeo, na aliyekuwa nje alipaswa kumwita. "Upo?" Na wewe ndani, macho yamejaa sabuni, unajibu, "Nipo!" Unaitwa tena, unajibu tena. Mama ndiye aliyeita zaidi, huku anapepeta mchele au anachambua dagaa, bila hata kugeuza kichwa. Usipojibu mara moja, mlango unasukumwa na unakutwa ulivyo. Kaka zetu wakubwa waliona haya sana, wameshaota ndevu bado wanaitwa na mama yao wakiwa bafuni, lakini walijibu. Nani angeacha kujibu?

Wiki ya kuelekea Krismasi ilikuwa na siku yake, baba aliiita Siku ya Boila. Mnajua mvua za vuli zinavyoleta wale vijidudu wa ziwani, wanainuka juu ya maji kama moshi mweusi, upepo ukigeuka wanaingia mjini, wanaingia kwenye chai, puani, kwenye taa, kila mahali. Wengi walifia kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo mvua zikipungua, baba alipanda juu ya paa, akalifungua bomba vipande vipande, akatushushia. Kazi yetu ilikuwa kugonga na kukwangua. Masizi yalimwagika, na katikati ya masizi walitoka wale wadudu wameshikana na kukauka kama makoko ya uji, wananuka samaki aliyeoza. Tuliwekeana usoni, tulifukuzana nao, dada yangu mmoja aliwahi kutiwa donge zima mgongoni akakimbia mpaka sokoni. Maji machafu ya ndani ya pipa yalitolewa, tope la ziwa likakwanguliwa, na mama siku hiyo alipika samaki wa furu wa kukaanga na ugali wa muhogo wa kutosha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mikono ya kufanyia kazi nyingine.

Baba hakuwa mtu wa mchezo siku hiyo. Alituita mmoja mmoja tuchungulie ndani ya bomba kabla halijasafishwa na baada ya kusafishwa. Alikuwa akisema, "Moto unavuta pumzi kama wewe. Ukiuzibia njia, utavuta pumzi yako." Alisema vile vile kila mwaka, hadi tukawa tunamwigiza nyuma ya nyumba, mmoja anakunja uso na kutoa tumbo mbele. Bomba likisharudishwa, aliwasha moto wa majani mabichi ili utoe moshi mwingi, sisi sote tukasimama uani shingo juu kuangalia unatokea wapi. Ukitoka wote juu, alivua shati akaingia kuoga wa kwanza, yeye mwenyewe, mlango wazi, na mama akasimama nje anamwita. Alimjibu kwa nyimbo za kanisani. Ndipo na sisi tukaruhusiwa.

Na mama alikuwa na mdomo. Wenzangu mnawakumbuka mama zetu. Ukipanda mti, "Utavunjika shingo." Ukichezea kisu, "Utabaki na vidole vitatu." Ukienda kuogelea ziwani bila ruhusa, "Leo nitaletewa maiti." Hatukuwahi kusikia jambo jingine ndani ya maneno hayo zaidi ya kwamba chakula kipo tayari na mtu anatupenda. Tulikua hivyo, wote wanane, na wote tulifika utu uzima.

Baba alipofariki, mama alibaki Nansio kwa muda, kisha mdogo wetu wa mwisho, Magesa, akamchukua akakae naye Kiseke, ng'ambo ya ziwa. Magesa amejenga vizuri. Nyumba iko upande wa mlimani, ukisimama barazani unaliona ziwa. Ndani kuna kila kitu, na bafuni kuna hita ya gesi, kisanduku cheupe ukutani, unafungua bomba, moto unajiwasha wenyewe, maji yanakuja ya moto papo hapo. Mimi nakaa Mirongo, mji huo huo, na cherehani yangu, naoga maji ya ndoo. Nilipokwenda mara ya kwanza nikaoga pale, nilitoka nimelegea kwa raha. Nilimwambia Magesa baba angekaa humo bafuni kutwa nzima akiitazama tu.

Fundi aliyeifunga alimwambia Magesa kwamba kila mwaka aitwe aifungue, asafishe kichomeo na bomba la kutolea moshi. Magesa akaitikia, na hakumwita. Mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Hita ilikuwa inawaka, sasa usafishe nini? Mvua za vuli zilipokuja na wale wadudu wakaanza kuingia ndani kupitia lile bomba, akapanda ngazi akafunga wavu wa mbu kwenye mdomo wake huko nje, mara mbili, akaukaza kwa waya. Tundu za hewa za ukutani akazibandika nailoni. Wadudu wakakoma kuingia, na wifi yangu, mke wake, akamsifu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwafagia kila asubuhi.

Mama aliyaona yote hayo. Aliona pia kwamba moto wa ile hita, ambao mwanzoni ulikuwa wa buluu, umekuwa wa njano, na ukuta juu yake umeanza kuwa mweusi. Alisema. Alisema asubuhi, alisema mchana, mnajua wazee. Magesa akamjibu kwa upole kwamba hili si pipa la Nansio, mama, hiki ni chombo cha kisasa, kinajizima chenyewe kikiona hatari. Mjukuu wake, Nyangeta, binti wa pekee wa Magesa, alikuwa akitoka kuoga analalamika kichwa kinamgonga. Alipimwa malaria, hakuwa nayo, akapewa dawa za maumivu.

Nyangeta alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, mrefu, mcheshi, anaimba kwaya. Alilala chumba kimoja na bibi yake kwa kupenda mwenyewe. Alimwita mama mke mwenza, na mama alimjibu amletee huyo mume amwone kama anafaa. Bafuni mama alimwita kama alivyotuita sisi. Nyangeta hakuchukia, alijibu, "Nipo, mke mwenza, usinimalizie ugali!" Aliyechukia alikuwa wifi. Aliona ni ushamba, mtoto mkubwa anaitwa bafuni kama yuko kisimani.

Basi kuna siku walikuwa mezani, na dada yake wifi alikuwepo, amekuja kuwatembelea. Nyangeta akasema tena kichwa. Mama akasukuma sahani. Nayajua maneno yake kwa sababu nilikuja kuambiwa mara nyingi mno baadaye, na kila aliyenisimulia aliyasema kwa sauti ya chini. Alisema, "Hilo bafu litaua mtu humu ndani." Wifi akamwomba asitamke hivyo. Mama akasema atatamka mpaka lisafishwe.

Haikupita muda. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua imekatika, wadudu wametoka ziwani wingi wa kuziba mwanga. Nyumba nzima ilifungwa, milango na madirisha. Nyangeta akaingia kuoga aende mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa amekaa kwenye korido na kiti chake. Akaita, akajibiwa. Akaita tena, akajibiwa kwa sauti ya mtu aliyechoka. Akaita mara ya tatu, kimya, maji yanasikika tu yanamwagika.

Mama akapiga yowe. Wifi akatoka jikoni akasema mwache mtoto, ameweka muziki masikioni. Mama hakumsikiliza. Alichukua mchi wa kinu akaanza kupiga mlango nao, mwanamke wa umri ule, analia anasema mtoto anakufa. Magesa akaja mbio kutoka nje, akavunja mlango kwa bega. Nyangeta alikuwa ameanguka chini, shavu kwenye vigae, maji moto yanamwangukia mgongoni. Walimpakia kwenye gari. Hawakumfikisha hospitali akiwa hai. Daktari aliwaeleza kwamba ni hewa ya sumu inayotoka kwenye moto usiopata njia, haina harufu, mtu anasinzia tu. Alisema wazi, na aliyasema mbele ya wote.

Nilikuwepo msiba wote. Niliosha vyombo, nilipokea watu, nilimshika wifi kila alipoanguka. Na nilisikia. Jambo hili halikuanza kwa kelele, lilianzia kwenye mafiga, wanawake wanachambua mchele. Yule bibi alitamka. Yule bibi alijua mtoto anakufa wakati mama mzazi hajui, na mlango umefungwa. Alijuaje? Nikawaeleza jinsi baba alivyotulea, kuita mtu bafuni, nikawaeleza hadi sauti ikakauka. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa pole, wakaendelea.

Siku moja kabla ya kuanua matanga, Magesa aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameegemeza ngazi. Akapanda, akakata waya, akauvuta ule wavu, na bomba likatapika. Niliishika ndoo mimi mwenyewe. Walitoka wadudu waliokauka, wameshikamana na masizi, donge moja baada ya jingine, mpaka ndoo ikajaa. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kiasi kwamba hata kijiti kisingepita. Magesa alikaa kwenye ngazi pale juu akatazama ndoo. Nilimwona mdogo wangu akizeeka. Kisha akashuka, akachimba shimo kwenye migomba, akafukia ule uchafu pamoja na wavu, akanawa mikono. Nilidhani anajikusanya, kwamba kesho atasimama mbele ya watu aseme.

Kesho yake wazee wa pande zote mbili walikaa barazani. Shukrani zilitolewa, sala ilifanyika, na mambo ya msiba yakamalizwa. Ndipo dada yake wifi akaomba kusema neno moja. Hakutukana mtu. Alisema, "Daktari amesema ni hewa, sawa, tumekubali. Sisi tunauliza, hiyo hewa nani aliituma?" Hakumtazama mama. Wengine wote walimtazama.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, khanga imefunika kichwa. Nilimtazama Magesa. Kila mtu alimtazama Magesa, kwa sababu nyumba ni yake, mtoto ni wake, na mama ni wake. Wifi alikuwa pembeni yake, amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilikuwa namwambia moyoni, sema, mdogo wangu, sema sasa.

Akasema, "Mama atakwenda kupumzika kwa dada."

Basi. Jioni ile ile tuliondoka na begi lake. Watoto wa jirani waliokuwa wakimwamkia kila siku walivutwa ndani na mama zao asipite karibu nao. Mama aliwaambia pole pole, kana kwamba wamemwamkia, "Marahaba, wajukuu zangu."

Kwangu Mirongo nililipuka. Nilimwambia narudi Kiseke, nafukua migomba, nauweka ule wavu juu ya meza ya wifi. Nilimtukana Magesa matusi ambayo sijawahi kumtukana hata tulipokuwa tunagombania taulo. Mama akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Mke wake akijua ni mikono ya mumewe, atalala naye kitanda kimoja vipi?" Akasema, "Mimi nimeshazeeka, hata wakiniita mchawi sina pa kwenda mbali na jina hilo. Yeye bado ana safari. Mwache abaki na mke. Niahidi." Nilikataa hadi kesho yake jioni. Hakula mpaka nilipoahidi.

Mama alikaa nami, na hakuwa mama yule tena. Mdomo uliisha. Mjukuu wangu alikuwa akipita na sufuria ya mafuta ya moto mbele yake, mama anamtazama tu. Mtu anavuka barabara ovyo tukiwa naye, anageuza uso. Siku moja ya mvua mmoja wa watoto wangu, mwenye zamu ya kupika, aliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Nilirudi nikamkuta mama amekaa nje chini ya upenu, miguu inalowa, anatetemeka. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wafungue. Akaniambia, "Nikisema, halafu likatokea?" Nilikaa pale naye nikalia hadi mvua ikakatika.

Alifariki mwaka huu. Tulimvusha kwa kivuko mpaka Nansio, akazikwe kando ya baba. Magesa alikuja, na wifi alikuja naye, jambo ambalo sikulitegemea. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Ilipofika wakati wa kuaga, wifi akaomba nafasi. Akasimama kwenye jeneza, akaweka mkono juu ya kifuniko, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, ulinichukulia mwanangu. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimeomba sana. Leo nimekusamehe."

Watu waliguswa. Wengine walilia. Mchungaji alimshika bega, akasema huo ndio upendo wa kweli, na watu wakaitikia amina. Magesa alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, kichwa chini. Naye akaitikia amina.

Zamani zetu mama aliweza kusema utakufa, ukaenda ukala ukalala, na asubuhi ukamkuta anakuchemshia uji. Siku hizi maji yanachemka yenyewe, milango ina komeo, na mtu mzima akiona hatari anapima kwanza watamwita nani. Nilimwahidi mama nitanyamaza, nikanyamaza maisha yake yote yaliyobaki. Kaburi lake limefukiwa kwa msamaha asiouhitaji, nami nilishika koleo nikatupia udongo pamoja na wengine. Magesa, nilikusubiri useme pale, ukaitikia amina. Wifi yangu, nakupenda, na najua ninachokufanyia kwa haya. Mama hakukuchukulia mtu. Alikuwa anamwita.